Dawa za zamani zinazosemwa zinachelewesha uzee: ukiwa hapa Dar uanzie wapi

Juzijuzi kabla sijafunga duka la dawa alikuja kaka mmoja, kama miaka 45 hivi, katoka kazini na begi lake mgongoni, anataka metfomini, ile dawa ya kisukari, boksi zima. Nikamuuliza kaka una sukari? Hapana dada, mi mzima kabisa, ila nimeona watu Marekani wanameza hizi ili wasizeeke haraka. Sikumuuzia maana hakuwa na cheti cha daktari, ila tulisimama tukaongea karibu nusu saa, na huyo ni wa nne ndani ya mwezi mmoja hapa kwetu Sinza tu. Nikaona bora niandike yote sehemu moja, maana ninachowaambia ni kilekile na pale dirishani foleni inakuaga ndefu.

Mi nauza dawa mwaka wa 16 huu. Uzee ninaouona hauji kwa mvi, unakuja kwa mtoto wa mtu kusimama mbele yangu na kuniambia dada baba kaanguka bafuni asubuhi, upande mmoja haufanyi kazi, wametuandikia hizi. Au mama aliyekuwa anauza vitenge Kariakoo sa hivi hakumbuki kama asubuhi kala. Au figo, dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) mara tatu kwa wiki. Kwahiyo mtu akiniuliza dawa ya kuchelewesha uzee mi nasikia swali la dawa ya kuchelewesha hayo, na hapo jibu lipo, lipo miaka mingi, bei yake ya kawaida, na wengi wenu tayari liko kwenye droo nyumbani mnalimeza siku kichwa kikiuma tu.

Nalo ni kidonge cha presha. Najua sio ulichotegemea kusikia, nivumilie.

Kwanza kabisa kabla ya dawa yoyote jua namba zako. Presha, sukari, uzito, figo. Usianze na dawa, anza na namba, kwasababu dawa zote nitakazozitaja humu zinafanya kazi kwa mtu mwenye namba fulani na zinaweza kumuumiza mwenye namba nyingine. Sukari pima asubuhi hujala kitu tangu jana usiku, ikifika 7.0 na kuendelea ukarudia siku nyingine ikawa vilevile hiyo ni kisukari, ikiwa kwenye sita na kitu huko uko mlangoni. Figo omba wakupime kreatinini, uchafu wa kwenye damu ambao figo zinatakiwa kuutoa, alafu wakukokotolee figo zinachuja kwa kiwango gani, usikubali kuambiwa tu "ziko sawa", omba namba iandikwe. Mwananyamala, Amana, Temeke, kote huko wanapima, hata vituo vya afya vingi vya mtaani.

Presha ndo watu wanaipima vibaya kuliko zote. Mtu kashuka bodaboda, kapanda ngazi, kakaa, hapohapo mkono kwenye mashine, inasoma 158 anaondoka analia. Sivyo. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, nyamaza dakika tano, usiongee na simu, kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, kile kitambaa kifungwe kwenye ngozi sio juu ya shati, na kama una mkono mnene omba kikubwa maana kidogo kinakupandishia namba ya uongo. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati. Ukiwa na mashine nyumbani (ya mkononi juu, sio ya kifundo cha mkono) fanya hivo asubuhi na jioni siku saba, ya siku ya kwanza tupa, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani ikiwa 135 kwa 85 au zaidi, au hospitali 140 kwa 90 au zaidi, na imejirudia, nenda kwa daktari, hata kama unajisikia una nguvu za kubeba gunia. Presha haina maumivu jamani, hili ningeweza ningeliandika ukutani mwa kila nyumba.

Sasa kwanini naiita dawa ya uzee. Mwaka 2015 Marekani walimaliza utafiti wa watu 9,361 wa miaka 50 na kuendelea, unaitwa SPRINT, nusu walishushwa ile namba ya juu ya presha iwe chini ya 140 kama kawaida, nusu wakashushwa mpaka chini ya 120. Ilibidi wausimamishe mapema maana kundi la pili vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27, vifo vya sababu yoyote ile, alafu baadae 2019 wakaonyesha hata ile hali ya kumbukumbu kuanza kupotea ilikuwa pungufu kwa asilimia 19. Vidonge vyenyewe ni vya zamani vya kila siku, sio sindano za mamilioni. Hawakuingiza wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi, na waliobanwa chini ya 120 walipata zaidi kizunguzungu cha kushuka presha na shida za figo, kwahiyo lengo lako likae kwa daktari wako, usijiongezee dozi ukitafuta 120 kwa nguvu. Ila niambie dawa gani nyingine ya "kutozeeka" ina ushahidi kama huo kwa binadamu. Mi sijaiona.

Na kuna kitu chetu sisi weusi ambacho wengi hawaambiwi. 2019 ulitoka utafiti wa CREOLE, watu weusi 728 kwenye nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zimo, wakalinganisha mchanganyiko wa dawa za presha mbilimbili. Mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha vizuri zaidi kuliko ule usio nayo. Zile dawa za familia ya lisinopri na enalapri zikipewa peke yake kwetu huwa hazishushi sana, na ndo hizo zinazoleta kile kikohozi kikavu cha usiku mtu anakunywa dawa za kifua miezi mitatu kumbe ni dawa ya presha. Ukikohoa hivo usiache kimyakimya, rudi wakubadilishie. Ukivimba midomo au ulimi ni hospitali saa hiyohiyo, sio kesho. Amlodipini yenyewe inaweza kuvimbisha miguu vifundoni, hiyo sio figo zimekufa, mwambie daktari. Na mwanamke anayetegemea kubeba mimba aseme mapema kabisa, maana losatani, nayo ni dawa ya presha, na hao kina lisinopri haziendi na ujauzito.

Ile dawa ya presha ya kukojoza maji kunywa asubuhi, ila kama unatoka Mbagala au Chanika na foleni yako ni saa mbili, usiinywe saa kumi na moja alafu upande daladala, utateseka, na nimeona watu wanaiacha kwa aibu hiyo tu. Kunywa ukifika kazini. Muda kamili sio muhimu kama kutoruka siku.

Mama yangu mzazi aliruka. Alikuwa anameza akisikia kisogo kizito, akipata nafuu anaacha, na mimi nauza dawa hizohizo kila siku nikawa naamini akiniambia "nimekunywa mwanangu". Alipata kiharusi kidogo 2017, mdomo ukaenda upande, alirudi sawa ndani ya wiki kadhaa kwa neema ya Mungu. Tangu siku hiyo vidonge vyake nampangia kwenye kile kiboksi cha siku saba kila Jumapili, na siulizi umekunywa, naangalia kiboksi.

Haya, metfomini sasa, maana ndo mlichojia. Historia yake naipenda kwakweli. Imetokana na mmea wa Ulaya unaoitwa Galega ambao wakulima walikuwa wanautumia kama dawa tangu zamani, wenyewe ni sumu ukizidi, wanasayansi wakatafuta ndugu yake aliye salama zaidi. Miaka ya 1940 dawa moja ya malaria ya ukoo huohuo ikaonekana inashusha sukari kwa wanyama, 1949 daktari Eusebio Garcia wa Ufilipino akawa anaitumia metfomini kutibia mafua makali, na 1957 Mfaransa Jean Sterne akaandika kwa mara ya kwanza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani yenyewe iliikubali 1994 tu. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha wenye kisukari wenye uzito mkubwa walioitumia walikufa wachache zaidi, na 2014 Uingereza hukohuko ukatoka mwingine ulioonyesha wagonjwa wa kisukari wanaoitumia wanaishi muda mrefu kidogo kuliko watu wasio na kisukari. Hapo ndo dunia ikawaka moto.

Ila 2022 Denmark wakarudia hesabu ileile kwa watu wengi zaidi na haikutokea hivo. Panya maabara walipewa metfomini peke yake, maisha hayakuongezeka kwa kiwango cha kuhesabika. 2024 nyani dume wa China walipewa miezi 40, ubongo wao ukaonekana umechelewa kuzeeka, habari nzuri, ila ni nyani wachache na ni dume tu. Profesa Nir Barzilai wa New York amekuwa akitafuta hela za utafiti wa watu 3,000 wa miaka 65 mpaka 79 wasio na kisukari, unaitwa TAME, ili swali hili lijibiwe mara moja. Huo ndo utakaotwambia, na mpaka ujibu, mtu mzima asiye na sukari anayeimeza anajifanyia majaribio peke yake bila daktari wa kumwangalia.

Na kuna hasara ambayo kaka wa begi hakuijua. 2019 wazee wa miaka 65 na kuendelea walinyanyua vyuma wiki 14, nusu na metfomini nusu na kidonge kisicho na dawa, na waliomeza metfomini waliongeza misuli kidogo kuliko wenzao. Misuli ndo inayokuinua kitini ukiwa na miaka 80! Kwahiyo wewe unayekimbia asubuhi daraja la Tanzanite alafu unameza metfomini bila sababu unaweza kuwa unajipunguzia faida ya jasho lako mwenyewe.

Kama uko mlangoni mwa kisukari hesabu inabadilika. Kule Marekani 2002 watu zaidi ya 3,000 wa namna hiyo waligawanywa, metfomini ilipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 31, kupungua uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki kukapunguza asilimia 58, na kwa waliovuka miaka 60 kutembea kulifika 71 wakati kidonge karibu hakikufanya kitu. Dakika 150 ni nusu saa siku tano, shuka mwendokasi vituo viwili kabla ya chako, umemaliza. Mwenye umri chini ya 60 na mwili mkubwa, kidonge kina nafasi yake, muulize daktari.

Na kama unayo sukari kweli na umeandikiwa basi itumie vizuri, hiyo ndo dawa yako ya uzee halali kabisa. Anza na kidogo, kwa kawaida miligramu 500 mara moja, katikati ya chakula cha usiku, sio kabla wala tumbo tupu, alafu dozi inapanda taratibu kwa wiki. Wengi wanaoniambia "ile dawa inaniharisha" walianzishwa juu moja kwa moja, na ikiendelea kukusumbua kuna ile inayoyeyuka polepole, iulizie, ila hiyo usiitafune wala kuivunja. Ukiwa unatapika au unaharisha sana, hata kama ni malaria au chakula kibaya, isimamishe mpaka urudi sawa na mpigie daktari, maana mwili ukikauka maji figo zinashindwa kuitoa na damu inaweza kujaa tindikali. Figo zikichuja chini ya 30 haitumiki kabisa. Pombe kali za kila siku na metfomini haviendi. Ukienda kupigwa CT scan ya kuchomwa dawa ya picha sema unaitumia. Ukikaa nayo miaka, pima vitamini B12, ganzi ya nyayo sio kila mara ni sukari, mara nyingine ni B12 imeisha. Na Ramadhani usijipangie mwenyewe, nenda mwezi mmoja kabla daktari akupangie ya futari na ya daku.

Rapamaisini. Hii imeanza kuulizwa na wenye hela, wanataka kuagizia nje. Ilipatikana kwenye udongo uliochukuliwa 1964 kisiwa cha Rapa Nui katikati ya Pasifiki, Suren Sehgal na wenzake Canada wakaichambua miaka ya 1970, na 1999 Marekani wakaikubali kwa waliopandikizwa figo, kazi yake ni kuzuia kinga ya mwili isiikatae figo mpya. Soma tena hapo, kuzuia kinga. 2009 ikatoka kwamba panya waliopewa wakiwa na siku 600, yaani panya wazee tayari, majike waliongeza asilimia 14 na madume 9 ya maisha. Kabla ya hapo hakuna dawa iliyokuwa imefanya hivo kwa panya walioanza uzeeni, na mi naamini kuna kitu kikubwa humo. Ila inaleta vidonda mdomoni, inapandisha mafuta na inaweza kupandisha sukari, na mji wetu huu una kifua kikuu kwenye kila foleni ya basi. Usiiagize. Ukiletewa na mtu kwenye mfuko wa nailoni usimeze, mpe mfamasia akae nayo.

Aspirini naomba mnisikilize vizuri kwasababu hii ndo inauzika bila mtu kuuliza, wazee wengi wanameza "ile ndogo ya kulainisha damu" kwasababu jirani anameza. 2018 utafiti wa ASPREE, wazee 19,114 wa Australia na Marekani wasiokuwa na ugonjwa wa moyo, miligramu 100 kila siku kwa karibu miaka mitano. Haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Kutokwa damu kubwa 3.8 kwa mia dhidi ya 2.8, na vifo 5.9 dhidi ya 5.2. Kwahiyo mzee ambae hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi cha damu kuganda, asijianzishie. Aliyewahi, au aliyewekewa kile kimrija cha moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, asiache hata siku moja bila daktari wake, kwake ni kitu kingine kabisa.

Statini za kolestro nipite haraka. Akira Endo wa Japani alizipata kwa kuchambua ukungu elfu kadhaa, ule wa maana ulitoka kwenye mchele, dawa ya kwanza ikaingia sokoni 1987. Kama una kisukari na umevuka 40, au umewahi kupata moyo au kiharusi, muulize daktari kwanini hujaandikiwa. Misuli ikiuma sana rudi, usiache kimya.

Kwenye kununua sasa. Usikubali vidonge vilivyokatwa kwa mkasi mpaka tarehe ya kuisha imebaki kwenye kipande cha mtu mwingine. Omba karatasi nzima, soma tarehe, soma namba ya toleo, chukua risiti, na ukiona rangi au umbo limebadilika ghafla uliza, kiwanda kinaweza kuwa kimebadilika na pia inaweza kuwa ni feki, TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa hizo. Nyumbani usiweke juu ya friji wala dirishani wala kwenye gari, joto la Dar Januari linaua dawa. Aspirini ikinuka siki imeshaharibika, tupa.

Na miti shamba, mi sio adui yake, nimewaambia metfomini yenyewe imetoka kwenye majani na mseto wa malaria pia umeanzia kwenye jani la China. Juisi ya rosela inashusha presha kidogo kweli. Shida ni pale mtu anapoacha kidonge. 2011 wakati wa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mti ya babu iliyosemwa inatibu kila kitu, nilikuwa na mwaka wa kwanza au wa pili dirishani, na wateja wangu waliokuwa wanakuja kila mwezi kwa sukari na presha walipotea ghafla, baadhi nikaja kuwaona tena wakiwa kwenye viti vya magurudumu, wengine sikuwaona tena. Kunywa mlonge wako, kunywa rosela yako bila sukari, ila mwambie daktari na usiguse dozi.

Ukienda kwa daktari beba karatasi moja: namba zako za siku saba, dawa zote unazomeza pamoja na za mitishamba, na kipimo cha figo cha mwisho chenye tarehe. Kama ni mzazi wako, nenda nae, maana akiwa peke yake akiulizwa ataitikia ndio kwa kila kitu ili asimsumbue daktari. Kaka wa begi alirudi jana, presha yake kwa wastani wa siku sita ni 149 kwa 94 na sukari 5.1, nikamwelekeza kliniki ya karibu na kwake, akaniuliza dada kwahiyo ile metfomini? Nikamwambia kaka, yako ni hii ingine.